Karanga nilikula Tunduma, adabu nikafunzwa Iyula!

Wiki hii sipo kwenye kumbi za starehe wala sina mchapo wa mastaa. Wiki hii nakupeleka Iyula, huko kata moja ya wilaya ya Mbozi, mkoa wa Songwe, mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Najua wengi wenu mkisikia Songwe mnakumbuka Tunduma tu, yale malori na wale jamaa wa kubadili kwacha. Sawa, hata mimi safari yangu ilianzia hapo hapo Tunduma, na mkosi nao ukaanzia hapo hapo. Kaa mkao wa kula, ila tafadhali uliza bei kwanza!

Ilikuwa mwezi wa saba. Nilikuwa nimekwenda mpakani kuzungukazunguka, kutafuta habari za vijana wanaovuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, kufuata bidhaa. Nikamaliza mizunguko yangu usiku, miguu imekufa, nikaingia gesti moja ambayo jina lake nalihifadhi. Chumba shilingi 20,000, nikalipa palepale mapokezi, nikaandika jina kwenye kitabu cha wageni, nikapewa ufunguo wenye kibao kikubwa kama mwiko.

Nafungua mlango, macho yakaenda moja kwa moja kwenye stuli kando ya kitanda. Sinia! Juu ya sinia pana chupa ndogo ya maji, pakiti ya biskuti na karanga zimefungwa kwenye nailoni, tena zimepangwa kwa mapozi na kitambaa cha kufuma chini yake. Nikajisemea, "Kaka, leo umeheshimiwa." Karanga nikazitafuna nikiwa nimelala chali, biskuti nikamalizia, maji nikashushia. Nikalala kama mtoto wa tajiri.

Asubuhi nakabidhi ufunguo, dada wa mapokezi akamtuma kijana akague chumba. Kijana akarudi mbio kama anayetangaza goli: "Maji moja, karanga moja, biskuti moja!" Dada akapiga hesabu kwa kidole: maji 2,000, karanga 2,000, biskuti 1,500. Jumla 5,500.

Nikamwuliza, "Dada, mbona hakuna aliyeniambia?"

Akanijibu bila hata kuinua uso, "Kwani wewe uliuliza?"

Nyuma yangu wamesimama madereva wawili wa malori wanangoja kukabidhi funguo zao, wananiangalia. Wewe ungefanyaje? Nikalipa, kiume, huku nimetabasamu tabasamu la mgonjwa. Vitu hivyo dukani nje ya geti havifiki hata shilingi 2,000 vyote kwa pamoja.

Sasa uchungu wenyewe huu hapa. Mfukoni nilikuwa na shilingi 14,500. Kosta na bodaboda mpaka Iyula nilishaambiwa ziwe 8,000. Ile 5,500 ilikuwa na kazi yake maalumu: kilo ya sukari na mche wa sabuni, zawadi ya shangazi yangu ambaye sikuwa nimemwona miaka minne. Yaani nilikuwa nimeitafuna sukari ya shangazi usiku, nimelala chali, katika umbo la karanga!

MIKONO MITUPU NYUMBANI KWA WATU

Kutoka Tunduma kosta inarudi kwa barabara kuu ya kwenda Mbeya, inapita Vwawa, yaliko makao makuu ya mkoa, na kuendelea Mlowo. Ukishaiacha lami ndipo Mbozi inapokufungulia mlango. Udongo mwekundu, migomba, mahindi yaliyokwisha kukauka mashambani, na kahawa, kahawa, kahawa. Mwezi wa saba ni msimu wa kuvuna, kwa hiyo kila nyumba utaona kichanja cha waya au turubai limetandazwa, buni inaanikwa, na bibi au mtoto kakaa pembeni anaigeuza na kuchagua zilizooza. Na baridi je? Weee! Kama ulikuja na fulana yako ya mjini ya kubana mikono, utaomba sweta la mtu yeyote, hata liwe la kike.

Nilipofika nikamkuta shangazi uani. "Shikamoo shangazi." "Marahaba baba! Baba yangu amekuja!" Huwa ananiita baba kwa kuwa nimerithi jina la babu. Akanikumbatia, akanipokea begi. Akalipima uzito kwa mkono, mie nikaona. Nikatoa pipi za shilingi 1,000 za watoto. Akasema ahsante kwa furaha ileile ambayo angesema kama ningeleta gunia. Hiyo ndiyo iliniumiza zaidi.

Kabla sijakaa vizuri, chai ya maziwa ikafika, viazi vitamu vikafika, parachichi likafika. Hakuna aliyeniuliza nina njaa au sina. Mababu walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, ila nilichokiona Iyula ni kwamba mgeni ndiye anayepona kwanza.

Kichekesho kimoja: mbele yangu buni inaanikwa, nyuma ya jiko mibuni imejaa, lakini kikombeni ni chai! Kahawa ya watu wa Mbozi ni ya kuuza. Inakwenda kwenye chama cha msingi, AMCOS, inapimwa, inaondoka. Kwa miaka mingi mnada wake ulikuwa Moshi, na kutoka Moshi inavuka bahari. Mzungu anainywa huko kwao, mwenye shamba anakunywa majani ya chai ya dukani. Shika hilo kichwani, tutalirudia.

VYUMBA VINNE VYA UANI

Usiku tukiwa jikoni tunaota moto, shangazi akanieleza biashara yake. Uani kuna vyumba vinne alivyoachiwa na marehemu mumewe. Anavipangisha kwa siku. Wageni wake ni wanunuzi wa mazao msimu huu wa kahawa na maharage, walimu wapya wanaosubiri kupata nyumba, mafundi wa minara ya simu, na watu wanaokuja kwenye misiba wakakosa pa kulala. Chumba ni shilingi 8,000 kwa usiku.

"Baba, wewe umesoma," akasema. (Nimeishia kidato cha nne, lakini mbele ya shangazi mimi ni profesa.) "Mwaka huu vyumba vimejaa tangu mwezi wa sita, lakini pesa siioni. Nipigie hesabu."

Akaleta daftari. Tukachukua mgeni mmoja, fundi wa mnara, aliyekaa siku tatu. Aliingiza shilingi 24,000. Haya, na alikula nini? Soda nne ambazo shangazi alizinunua dukani kwa 700 kila moja, ni 2,800. Maji makubwa matatu, 3,000. Maandazi tisa, 1,800. Sukari, majani na maziwa ya chai, kama 3,000. Ugali na mboga usiku tatu, pamoja na mkaa, 6,000. Sabuni ya kufulia mashuka 1,000, umeme 1,000. Jumla 18,600.

Kikabaki 5,400. Kwa siku tatu! Yaani 1,800 kwa usiku mmoja, na hapo shangazi ameamka saa kumi na moja kumkorogea chai.

"Na huyo fundi aliomba hivyo vyote?" nikamwuliza.

"Aombe kwani yeye mtoto? Mgeni anakaribishwa."

Sasa usidhani hii pesa ni ya mchezo. Mjukuu wake, binti wa dada yangu, alikuwa amepangiwa shule ya bweni. Ada ya shule za serikali kweli ilifutwa, kidato cha kwanza mpaka cha nne, tangu 2016. Lakini godoro halijafutwa! Tranka halijafutwa, shuka, ndoo, sare na madaftari hayajafutwa. Shangazi alikuwa anategemea vyumba vile vinne vimpeleke huyo mtoto shule, na vyumba vinakunywa soda.

PROFESA AKATOA USHAURI

Hapo ndipo nikajitia ujuzi. Nikaanza kumpigia shangazi lekcha. Nikamwambia wenzetu wa mahoteli makubwa walishalimaliza hilo zamani. Mwaka 1974 hoteli ya Hilton ya Hong Kong ilijaza vijifriji vya pombe katika vyumba vyake zaidi ya 800, mauzo ya vinywaji yakaruka, na hoteli nyingine duniani zikaiga. Siku hizi kuna hoteli vijifriji vyao vina mitego ndani: ukiinua kopo kulitazama tu, deni limeshaandikwa!

Nikamwambia na habari za Airbnb, ile kampuni ya Marekani ambayo watu duniani kote wanaitumia kupangisha vyumba vya nyumbani kwao kwa siku. Wenyewe walianza mwaka 2007 kule San Francisco kwa kulaza wageni kwenye magodoro ya kujaza upepo sebuleni, pamoja na kifungua kinywa. Mwaka 2008 walipoishiwa kabisa walitengeneza maboksi ya nafaka za asubuhi yenye picha za wagombea urais, Obama na McCain, wakayauza dola 40 boksi moja! Hata washikaji zangu wa Dar wanaopangisha vyumba kwa siku, friji lipo, na karatasi ya bei imebandikwa mlangoni mwa friji.

"Unaona shangazi? Biashara ni karatasi."

Shangazi akakoroga moto. "Na mtu akisoma hiyo karatasi hataona nimemfukuza?"

"Shangazi, karne hii!"

Asubuhi nikachana karatasi katikati ya daftari, nikachukua kalamu ya wino mwekundu, nikaandika kwa herufi kubwa: CHAI 1,000. ANDAZI 500. SODA 1,500. MAJI MAKUBWA 2,000. CHAKULA 5,000. Chini nikapigia mstari: HAKUNA KUKOPA. Bei nilizipata wapi? Nilizipata Tunduma! Yule dada wa mapokezi alikuwa ameshanifundisha, na kama walivyoninyonya mie, nami nikaona ni halali kunyonya mwingine. Nikakoroga uji mzito wa unga, nikabandika karatasi kwenye kila mlango wa chumba, halafu nikaenda zangu kutembea.

Na kweli nilitembea. Nilichukuliwa na bodaboda mpaka Ndolezi kukiona Kimondo cha Mbozi, lile jiwe la chuma lililodondoka kutoka angani, zito zaidi ya tani 10, ambalo wataalamu wa dunia walilijua mwaka 1930, lakini wenyeji walikuwa nalo tangu enzi. Nililigusa, baridi kama chuma cha friji. Pale getini niliambiwa kiingilio kabla sijaona chochote, nikalipa kwa pesa ya kukopa kwa binamu, na roho yangu haikuuma hata kidogo. Wakati ule sikulitilia maanani jambo hilo. Nililikumbuka jioni.

"UMENIUZIA MGENI"

Narudi jioni, nakuta nyumba kimya. Shangazi kakaa kwenye kigoda, mikono mapajani. Mbele yake juu ya mkeka pana noti, zimewekewa kijiko juu zisipeperuke.

Kumbe chumba cha pili alikuwamo mama mmoja, mnunuzi wa maharage kutoka Mbeya. Huyo mama hufikia hapo kila msimu, mwaka wa tano huu. Alikuwa na siku mbili tangu afike, na kama ilivyo ada alikula na kunywa alichokaribishwa. Mchana alirudi chumbani, akakuta karatasi yangu nyekundu mlangoni mwake. Akaisoma. Akaingia ndani, akafunga mizigo. Akatoka, akahesabu mbele ya shangazi: vyumba siku mbili 16,000. Chai vikombe vinne 4,000, maandazi manne 2,000, soda mbili 3,000, chakula mara mbili 10,000. Akaweka 19,000 kando ya ile 16,000, akasema, "Ahsante mama, nimesoma," akaondoka. Shangazi alimkimbilia mpaka barabarani akimsihi, mama wa watu hakugeuka.

Nikajaribu kuchekesha. "Lakini shangazi, 19,000 si faida hiyo?"

Shangazi hakunipigia kelele. Ingekuwa heri angenipigia. Alisema taratibu, "Baba, umeniuzia mgeni."

Msomaji wangu, kuna maneno yakikupata huna pa kujificha. Nilijiona niko tena kule Tunduma, ila safari hii si mimi niliyesimama na pochi mkononi. Safari hii mimi ndiye dada wa mapokezi. "Kwani wewe uliuliza?"

Usiku ule sikulala vizuri, na nadhani shangazi naye hakulala, maana saa tisa nilimsikia anafagia uani gizani. Asubuhi, kabla ya chai, akanipa ile 19,000 imefungwa kwenye kitambaa. "Leo gulio. Atakuwepo. Mpelekee pesa yake, na umwambie aliyeandika ni wewe."

NINGEAGIZA MAYAI!

Gulioni watu ni wengi, maharage ya kila rangi yamemwagwa kwenye viroba, ndizi, mitumba, ndoo za plastiki, na muziki wa spika unapasuka. Nikamkuta mama amekaa juu ya gunia, anasimamia upimaji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye mwandishi?"

Nikakubali. Nikampa kile kitambaa, nikaomba radhi, nikamweleza kwamba shangazi hakujua bei zile wala hazikumhusu mgeni aliyekwisha kula. Akanisikiliza, huku jicho moja lipo kwenye mizani.

"Mwandiko wako mzuri," akasema. "Ila mwanangu, ungeniambia mapema. Ningejua ni hoteli, ningeagiza mayai!"

Wapagazi wakaangua kicheko. Hata mimi nikacheka, ingawa masikio yalikuwa ya moto. Kisha akanieleza maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo, na ndiyo yaliyonifanya niandike makala hii.

"Mimi mfanyabiashara," akasema. "Bei haijawahi kuniudhi. Nikifika kwenye gunia la mtu nauliza kwanza, ndipo naingiza mkono. Lakini mtu akikuambia 'karibu mwanangu, kula', wewe utamwuliza bei gani? Utaonekana una wazimu. Sasa ukishameza ndipo unaonyeshwa karatasi. Hapo si pesa inayouma. Unajiuliza, kumbe miaka yote hii nilikuwa nachekewa?"

Akafungua kitambaa, akahesabu, akachukua 17,000, akanirudishia 2,000. "Hiyo ya soda mbili, elfu moja moja. Soda ina kiwanda chake, shangazi yako hakuichimba shambani. Hata mimi nilikuwa naona haya kunywa soda ya mjane bure, ila sikujua nitalipaje bila kumvunjia heshima. Chai aliyoniamkia saa kumi na moja sitailipia kwa karatasi. Mwambie apandishe chumba kiwe elfu kumi, chai ya asubuhi iwe humohumo. Nani atakataa?"

Unaona mambo hayo? Mimi na Hong Kong yangu, na dola 40 zangu za San Francisco, nimefundishwa biashara juu ya gunia la maharage.

KARATASI YA PILI

Nilirudi, tukazibandua zile karatasi, na ule uji ulivyokuwa umeganda nilikwangua kwa kisu mpaka mchana. Adhabu tosha. Kisha tukakaa, na safari hii shangazi akawa anasema, mimi naandika tu.

Sheria ya kwanza: kikombe cha kwanza, pale mgeni anapofika na vumbi lake, ni cha mwenyeji. Hicho hakina bei wala hakiandikwi popote. Ya pili: chumba 10,000, na chai ya asubuhi na maandazi yake humo ndani, mgeni anaambiwa siku ya kwanza kabla hajashusha begi. Ya tatu: soda na maji vikae jikoni, si chumbani, soda 1,000, maji makubwa 1,300, anayetaka anaomba, na chupa ya kioo irudi maana kreti inaidai. Ya nne: chakula cha usiku kwa kuagiza, 3,500, mchana useme kama utakula. Bia hapana. Kwanza inataka leseni ya vileo, pili shangazi mwenyewe hataki kelele.

Turudie hesabu ya yule fundi wa mnara. Siku tatu ni 30,000. Toa chai na maandazi 4,800, toa sabuni na umeme 2,000, inabaki 23,200. Soda na maji anajilipia, na shangazi anabakiwa na shilingi 300 kwa kila chupa. Kutoka 1,800 kwa usiku hadi zaidi ya 7,700, na hakuna mtu aliyeonyeshwa karatasi baada ya kumeza! Godoro hilo, linaanza kuonekana.

Halafu lile la kahawa, si nilikwambia ulishike? Mgeni mmoja wa mjini alikuwa ameulizia kahawa ya hapahapa, akapewa chai kama kawaida. Nikamwambia shangazi, maji ya chupa kila duka linayo, lakini kahawa iliyoanikwa uani kwako nani mwingine anayo? Akaikaanga kwenye kikaango cha chapati mpaka jiko likanukia mtaa mzima, akaitwanga kwenye kinu, akaichemsha na kuichuja. Akaonja, akakunja uso. "Chungu! Na watu wanatoa pesa kwa hii?" Mgeni wetu akanywa vikombe viwili, akatoa 1,000 bila kuulizwa, akaomba cha tatu. Shangazi akanitazama, nikajifanya naangalia mibuni.

KWA WENYE VYUMBA NA WENYE NJAA

Msomaji wangu, najua wengi wenu siku hizi mnajitafutia. Mwenye chumba cha ziada Sinza, Mwanjelwa au popote anapiga rangi, anaweka friji na pazia jipya, anapangisha kwa siku. Safi sana, tusilaumiane. Uza soda, uza karanga, ni jasho lako, na atakayekuambia ukarimu ni kugawa mpaka ufilisike, mwulize yeye amegawa nini. Ila usiweke sinia kando ya kitanda likatabasamu kama la shangazi, halafu asubuhi likageuka mkusanya madeni. Kama kinauzwa, kiseme mapema kwamba kinauzwa. Kama ni karibu, iwe karibu kweli, hata kama ni kikombe kimoja tu.

Na wewe mgeni mwenzangu, ukikuta sinia chumbani, usijilaze chali. Rudi mapokezi, uliza. Kuuliza si ushamba. Ushamba ni kukimbizana na nauli asubuhi.

Yule mama wa maharage alirudi wiki iliyofuata. Sikuwepo, nimeambiwa kwa simu. Alifika, akapewa kikombe cha kwanza, akakinywa, akamwuliza shangazi kwa sauti ili wote wasikie, "Hiki bei gani?" Wakacheka mpaka kuku wakatimka.

Na ile sukari? Nimeituma kwa basi, kilo mbili, na sabuni mche mzima. Shangazi alipiga simu kushukuru, kisha akaniuliza kama nimelipia mzigo huku au anatakiwa kulipia huko. Nikamwambia nimelipia shangazi, na nimekwambia mapema.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa!